Vitabu Viwili vya Mama Nafula

Siku ile mliponikatia keki ya kuniaga kazini mliniomba niwaandikie jinsi ya kutumia mashine ya presha ya zamani, ile ya zebaki, kwa sababu ile ya betri ikizima ninyi nyote husimama mkiitazama. Nitaandika, wanangu. Lakini kupima presha kunafundishika kwa dakika tano, na mimi nilikaa kwenye meza ile ya mapokezi miaka thelathini na kitu. Kazi niliyoifanya zaidi pale haikuandikwa kwenye karatasi yoyote ya ajira. Nilikuwa nawatafutia watu daktari wa kuwafaa.

Nilifika kituoni nikiwa na cheti kipya cha uuguzi na viatu vinavyobana. Wakati huo tulikuwa na vyumba viwili vya madaktari, benchi moja refu la mbao, na mizani iliyompunguzia kila mtu kilo mbili. Ninaposema madaktari mnajua ninachosema. Wengi walikuwa matabibu kwa cheo, ila kwetu sisi kila aliyevaa koti jeupe akashika kalamu ni daktari, na sikuwahi kumsikia hata mmoja akikataa jina hilo. Mashine ya presha ilikuwa na mkanda uliotoboka, na fundi viatu wa pale senta ndiye aliyeushona. Aliushona vizuri kuliko viatu vyangu.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Sista Filomena, mama mfupi mwenye sauti ya chini, ambaye hakuwahi kukimbia hata siku moja na bado alifika kila mahali kabla yetu. Asubuhi ya kwanza alikihamisha kiti cha mgonjwa kutoka mbele ya meza akakiweka ubavuni, kwa kuwa mtu akikaa mbele yako mezani hujiona yuko kwa chifu. Halafu akaniambia, "Wewe usiuliza mtu anaumwa nini. Hiyo daktari atauliza. Uliza mara ya mwisho alienda kwa nani, na kama alirudi. Kama hakurudi, uliza kwa nini. Hapo ndiyo maneno iko."

Nilimsikia kwa masikio tu. Mwezi wangu wa pili akaja mama mtu mzima kutoka Buteba, ana jipu mgongoni, hawezi hata kuegemea ukuta. Nikamwandikia aingie kwa Daktari Ojambo. Zamu yake ilipofika akasema apite mwingine kwanza. Nikamwita tena, akasema apite na yule mwingine. Mara ya tatu akasema amepona, akasimama aende zake huku jasho linamtiririka. Mimi, kwa ujana wangu, nikaanza kumfokea kwamba anatupotezea muda. Benchi zima likainamisha vichwa. Sista Filomena akaja, akamshika yule mama kiwiko, akampeleka chumba cha pili. Ndipo mtu akaninong'oneza kwamba Daktari Ojambo amemwoa binti yake. Nilikuwa nimemtuma mama mkwe akavue nguo mbele ya mkwewe. Naandika haya hapa na uso bado unanichoma.

Tangu siku hiyo nilianza kuweka kichwani nani ameoa wapi. Nilijifunza pia mengine. Kulikuwa na mwalimu mmoja asiyetaka kutibiwa na mtu anayekutana naye kwenye maziko kila Jumamosi, nikawa namsubirisha mpaka siku ya daktari wa kutoka mbali. Mzee mwingine alikijua Kiswahili cha sokoni vizuri sana, lakini tumbo lake aliweza kulieleza kwa lugha ya kwao, Ateso, tu. Wapo wanaotaka daktari wa kuwaambia ukweli wote hapo hapo, na wapo wanaotaka waambiwe kidogo leo na kidogo wiki ijayo. Mnawajua kwa namna wanavyopokea namba ya presha. Wa kwanza huuliza ni ngapi, wa pili hutazama uso wako.

Sasa niwaambie habari ya Mama Nafula, maana ndiyo niliyokaa chini kuiandika.

Alikuwa mjane, mchuuzi wa mukene, wale dagaa wadogo wa ziwani. Alichukua samaki Majanji, ufukoni mwa ziwa, akawauza hapa Busia kwetu siku mbili na ng'ambo ya mpaka siku mbili. Mumewe alipata presha, hakuna aliyemweleza presha ni nini, akaanguka shambani. Alilala miaka miwili upande mmoja wa mwili umekufa na ulimi hauwezi kusema hata jina la mtoto. Mama Nafula ndiye aliyemgeuza na kumlisha mpaka mwisho. Tulipompima na yeye tukaikuta presha ile ile, hakulia. Aliniuliza jambo moja. "Sista, na mimi nitakufa bila kusema?"

Nikamwambia hapana, akimeza dawa zake na akirudi kliniki kila mwezi. Akaahidi. Na kweli alirudi kila mwezi, na kitabu chake cha matibabu, lile daftari la shule ambalo kila mgonjwa wetu hununua, kilikuwa kimevalishwa gazeti na kufungwa kwa mpira. Hakikuwa na doa wala harufu ya samaki. Nilimsifu mbele ya benchi zima. Niliwaambia wengine wamwige. Mngenipiga picha siku hiyo mngeona mwalimu mwenye majivuno.

Presha yake tu ndiyo haikueleweka. Mwezi huu iko juu, mwezi ujao imeshuka mpaka napima mkono wa pili nikidhani mashine imekosea. Alisema anasikia kizunguzungu akiinama. Daktari Ojambo alikuwa ameshastaafu wakati huo. Tulikuwa na Daktari Imelda, mwanamke hodari, mkali, mwenye mkono mwepesi, na kijana mpya kutoka Tororo aitwaye Owor. Mimi ndiye niliyempeleka Mama Nafula kwa Imelda. Niliona mwanamke kwa mwanamke watasikilizana. Sikumwuliza swali la Sista Filomena hata mara moja, kwa sababu mtu mwenye kitabu kisafi namna ile unamwuliza nini.

Siku moja saa nne ya asubuhi bodaboda ilifika mpaka mlangoni, Mama Nafula yuko katikati, mwenzake wa sokoni amemshikilia kwa nyuma. Ameanguka kwenye meza yake ya samaki. Tukamlaza, tukamwinua miguu. Nikapiga mashine, zebaki ikashuka, ikashuka, nikaanza kuomba. Macho yalikuwa wazi lakini hasemi. Nilimwita jina, hasemi. Nitawaambia kweli, hofu niliyoipata siku ile sikuwahi kuipata kwa mgonjwa mwingine, kwa kuwa nilijua yeye anaogopa nini.

Baada ya nusu saa na chupa ya maji ya mshipa akasema, "Kikapu yangu iko wapi?"

Nilikifungua nitafute kitabu chake. Chini ya sufuria na kanga nilikuta viwili. Kimoja chetu, kimevalishwa gazeti. Kingine cha kliniki moja ya ng'ambo, nacho kimevalishwa gazeti, nacho kisafi, tarehe zake zinafuatana vizuri mwezi kwa mwezi. Kulikuwa na pakiti mbili za dawa. Rangi tofauti, majina makubwa ya juu tofauti, lakini yale maandishi madogo ya chini yalikuwa neno moja. Ilikuwa dawa ile ile.

Nikamwuliza anameza ipi. "Nameza yote," akasema. "Daktari ya huku alisema nisikose. Ya ng'ambo pia alisema nisikose. Mimi sikukosa." Siku ambazo biashara ilimchelewesha na pakiti moja ikamalizika, presha ilipanda kidogo. Siku ambazo zote mbili zilikuwepo, alimeza yote kwa utiifu mpaka damu ikakosa nguvu ya kupanda kichwani.

"Mbona hukutuambia, Mama?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la aibu. "Nitaanza aje kumwambia daktari kwamba niko na daktari mwingine? Wewe unaweza kumwambia bwana yako kwamba uko na bwana mwingine?"

Ninyi vijana mnacheka, lakini ulizeni benchi lenu. Nusu ya watu wa mpakani wana vitabu viwili, na kila kimoja hufichwa daktari wa kile kingine asikione, kwa heshima kabisa. Daktari hapaswi kuona mwandiko wa daktari mwingine. Nilimweleza kuhusu yale maandishi madogo, akayatazama kwenye pakiti zote mbili kwa muda mrefu. Mwishowe akasema, "Kumbe ni mukene na omena." Samaki yule yule, huku tunamwita hivi na ng'ambo wanamwita vile. Hakuna mtu aliyewahi kunieleza jambo hilo vizuri kuliko alivyolieleza yeye, na tangu hapo mimi huwaelezea wengine hivyo hivyo.

Kwa bahati mbaya Daktari Imelda aliingia wakati huo huo. Aliviona vitabu vile viwili, akapandisha sauti. Alisema mambo ya kweli, hakuna hata moja la uongo, na aliyasema wodi nzima ikisikia. Alisema mgonjwa akitaka kujiua asitumie dawa za serikali. Mama Nafula alifunga kanga yake, akachukua kikapu, akashukuru, akaondoka jioni ile. Vitabu vyote viwili aliviacha kitandani.

Mwezi uliofuata hakuja, na wa pili pia. Nilimwuliza yule mwenzake wa sokoni, akaniambia Mama Nafula yupo, anauza, na hamezi kitu. Amesema dawa zilimwangusha na madaktari walimtukana, basi heri akae na ugonjwa wake. Nilijua presha yake bila dawa ilikuwa inafika wapi. Nikahesabu majuma. Niliwaza ule ulimi wa mumewe.

Siku yangu ya mapumziko nilivaa nguo za nyumbani, nikaweka mashine ya presha ndani ya mkoba, nikaenda Majanji. Nilimkuta kwenye vyandarua vya kuanikia akigeuza mukene juani. Aliponiona alinisalimia vizuri, mulembe, habari ya nyumbani, akanipa kigoda, halafu akaendelea kugeuza samaki kana kwamba ningeweza kuwa nimekuja kununua.

Nikamwambia, "Mama, nimekuja kuomba msamaha. Mimi ndiye nilikuchagulia daktari bila kukuuliza wewe unataka daktari wa namna gani."

Alisimamisha mikono. "Mtu wa kawaida anachagua daktari?"

"Anachagua. Na anaweza kumwuliza maswali."

"Mimi nimuulize daktari."

"Ndiyo. Unamwuliza unachoogopa."

Akapangusa mikono kwenye kanga, akaninyooshea mmoja. Nilimpima palepale, watoto wa pwani wakatuzunguka, na namba niliyoiona sitaiandika. Nilimwambia ni mbaya. Alikuwa wa wale wanaouliza ni ngapi, kwa hiyo nikamwambia ni ngapi pia. Akauliza kama aje kituoni Jumatatu. Nikasema Jumatatu nitakuwa mezani tangu saa moja. Nilirudi nyumbani na samaki wa kutosha juma zima, maana alikataa niondoke mikono mitupu.

Jumatatu akaja. Amevaa gomesi, lile gauni lake refu la kanisani. Nilimwachia mwenzangu meza, nikamsindikiza kwanza ng'ambo, kwa sababu lazima mtu awe huru kuchagua hata kama hatakuchagua wewe. Kule alikuta daktari mwingine tena, mpole sana, ambaye wiki iliyofuata angehamishiwa kwingine. Aliuliza swali lake, akajibiwa na mtu anayetazama saa. Tukarudi kwetu. Daktari Imelda, nampa haki yake, alimwomba radhi kwa sauti ya kawaida na akamkaribisha kiti. Mama Nafula akamwuliza swali lile lile, na mara hii nilikuwa nimesimama mlangoni, nikalisikia.

"Daktari, siku nikikosa dawa, utanifanya aje?"

Imelda alifikiri kwa uaminifu. "Nitakugombeza, mama. Siwezi kukudanganya. Nitakugombeza kwa sababu sitaki ufe."

"Asante, mwanangu," akasema Mama Nafula. Akatoka.

Wa tatu alikuwa Owor. Mimi, niseme ukweli, sikumtegemea sana. Alikuwa kijana, alisema pole pole, Kilusamia chake, lugha ya hapa kwetu, kilikuwa cha kuokota, na aliandika kila kitu kwa herufi kubwa kama mtoto wa shule. Nilimwona mzito. Mama Nafula akamwuliza, siku nikikosa dawa utanifanya aje.

Owor akaweka kalamu chini. "Nitakuuliza ilikuwa aje."

"Halafu?"

"Halafu tutaangalia pamoja. Na mimi kama sijui, nitauliza wakubwa wangu, nitakuambia siku ukirudi. Ukienda ng'ambo ukaumwa huko, waonyeshe kitabu yangu. Naandika kubwa hivi wasome."

Mama Nafula akakaa. Akafungua kikapu akatoa kila alichokuwa nacho, akamwaga mezani kwake: mabaki ya pakiti zile mbili, majani makavu kutoka kwa jamaa yao wa Tororo, vidonge vya maumivu alivyopewa na jirani, na kikaratasi chenye unga ambao hata yeye alikuwa amesahau ni wa nini. Kijana hakusema neno baya. Alivitenga kimoja kimoja kwa ncha ya kalamu, akiuliza hiki cha lini, hiki cha nani, na yeye akijibu. Ilichukua karibu saa nzima na benchi likaanza kulalamika. Nililiambia benchi linyamaze.

Presha ilishuka taratibu, miezi mitatu, minne, ikakaa mahali pake. Yale mazoea ya kuficha ndiyo yalichukua muda zaidi. Kila mwezi nilimwona akisimama kidogo kabla ya kugusa mlango wa Owor, kama anayejipanga. Nami kila mwezi niliogopa kwamba siku atakayokuwa na kosa la kweli, hatakuja.

Siku hiyo ilifika katika mwaka wangu wa mwisho kazini. Tarehe yake ya kliniki ilipita. Wiki ikapita. Nikaanza tena kuhesabu. Wiki ya pili, Jumanne, nikamwona anaingia langoni amemshika mkono mwanamke mwingine, mnene, anayepumua kwa shida, na uso wa mtu aliyeletwa.

"Sista," akasema hata kabla ya kukaa, na kwa sauti ambayo benchi zima lilisikia, "nimekosa dawa siku kumi na moja. Huyu ni wifi yangu. Tulikuwa na matanga kwao. Kichwa ilikuwa inamuuma, nikamwona anashika ukuta, nikajua. Nikampa dawa yangu, tukagawana mpaka ikaisha. Nimekuja kumwambia daktari."

Nilishika ule mkanda wa mashine nikajifanya naunyoosha. Mtu ambaye alikuwa ameficha kila kitu kwa heshima alikuwa amesimama katikati ya mapokezi akitangaza kosa lake kama mtu anayetaja jina la kijiji chake.

Wifi yake akamnong'oneza kwamba atagombezwa. "Hagombezi," akasema Mama Nafula. "Anauliza. Wewe mwambie yote. Huyo ni daktari yangu, wewe ukimkataa utatafuta yako, lakini anza na yeye."

Waliingia wote wawili. Kupitia mlango niliisikia sauti ya Owor, nzito na ya pole pole, ikisema, "Ilikuwa aje, Mama?" na sauti yake ikianza kueleza, kirefu, na jina la kila aliyekuwepo matangani.

Walipotoka alikaa kwenye kile kiti cha ubavuni mwa meza yangu amsubiri wifi yake aliyekwenda kuchukua dawa. Tulikuwa tumezeeka wote wawili. Aliyatazama makaratasi yangu, halafu akanitazama mimi.

"Na wewe, Sista, daktari yako ni nani?"

Nikacheka. Nikamwambia mimi ni muuguzi, ninajipa dawa mwenyewe, kabati si liko hapo.

"Kitabu yako iko wapi?"

Sikuwa nacho. Kwa miaka yote ile sikuwahi kuwa nacho, na kichwa kilikuwa kinaniuma asubuhi tangu mwezi uliopita, na nilikuwa sijamwambia mtu.

Hakunigombeza. Alinyanyuka, akaenda duka la langoni, akarudi na daftari la kurasa arobaini na nane. Akaliweka mbele yangu, akanipa kalamu yangu mwenyewe. Nikaandika jina langu na kijiji changu. Akanifunga mkanda wa presha mkononi, kaufunga ndivyo sivyo, nikamwonyesha, akaufunga tena. Nikapiga mashine, nikasoma, nikaandika namba.

"Ni ngapi?" akauliza.

Nikamwambia. Akanishika mkono, na mbele ya watu wote niliokuwa nimewakalisha pale, nikaenda kukaa mwisho wa benchi kusubiri zamu yangu.